Kilo Mbili Zisizo na Jina

Jorpati, saa tano usiku. Umeme umerudi,
nami nimerudi kwenye mizani.
Ramani imekunjwa na kukunjuliwa
hadi kilele chenyewe kimetoboka:
panapopaswa kuwa theluji
naiona meza.

Hakina jina humu, kina tarakimu.
Watu wa bonde lile, kaskazini ya Simikot,
jina wanalo, ila walipoulizwa na mpimaji
walimjibu, "Kile? Kile ni kile."
Akaandika elfu sita mia tatu na kumi na mbili,
akaenda zake.

Wageni ni watano.
Daktari wa meno wa Graz ameandika mara tatu:
je, kambini kuna mtandao?
Mwingine hali vitunguu.
Na yuko mama wa miaka sitini na mmoja, hakuuliza kitu,
ametuma kipimo cha mguu wake na neno ahsante.
Huyo nitamfunga kwenye kamba yangu.

Naanzia mwisho. Ndivyo alivyonifunza kaka, Nyima Gyalbu:
"Usipange kupanda, Yangzum. Kupanda hujipanga.
Panga kushuka."
Mpanda ngazi hushuka, watu husema,
wala hawasemi saa ngapi,
wala kwa kamba ya nani.
Naandika: saa saba mchana, popote tulipo, tunageuka.
Napigia mstari. Napigia wa pili,
karatasi inachanika kidogo.

Ndege ya Simikot haichukui mitungi ya gesi,
basi gesi itangulie na nyumbu, siku kumi na moja.
Mayai mia mbili tutayazika kwenye unga wa shayiri,
kila moja na kaburi lake,
ndivyo yanavyofika mazima.
Kamba mita mia nne. Vigingi vya theluji. Chumvi.
Sindano nene ya kushonea viatu,
maana viatu huachama palepale
pasipo na fundi.

Wapagazi kumi na wanne, kilo ishirini na tano kila kichwa.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
niliijua methali hiyo kwa paji la uso
nikiwa na miaka kumi na sita, ukanda umenikaza,
dunia nzima ikiwa visigino vya aliye mbele.
Ndiyo maana nina mizani.
Mizani haijui usufi.

Halafu fomu za bima.
Jina, umri, kijiji, mrithi.
Kunga: mke. Chhimi Dorje: mama.
Lhundup, miaka kumi na tisa: patupu.
Nikampigia. Alikuwa juu ya kilima anakopandia kutafuta mawimbi,
upepo ukitafuna nusu ya maneno yake.
"Mrithi? Sina mtu, dada.
Andika wewe. Si wewe unayenituma?"
Akacheka. Simu ikakatika na kicheko ndani yake.

Nimejumlisha mara mbili. Zimebaki kilo mbili
zisizo na mwenyewe.
Daktari wa Graz ana mashine yake ya kahawa,
ameitaja kwa upole, uzito wake kilo mbili kamili.
Nitamwambia nafasi haipo.

Ipo. Kila safari naiacha.
Mwaka ule kaka alipobaki juu
walichoweza kunishushia ni viatu,
na aliyevibeba alikuwa tayari na mzigo wake kamili.
Hakusema neno. Niliona shingo yake.

Kalamu iko juu ya patupu pa Lhundup.
Nimeandika herufi ya kwanza ya jina langu,
sijaandika ya pili.
Kesho nitampigia tena, ana shangazi huko Til,
labda wameacha kugombana.

Mbwa wa jirani amenyamaza. Nafunga daftari,
nalifungua: vitunguu!
Kilo sita. Na sufuria ndogo ya pembeni
kwa yule asiyekula.